Usikate mbao za ndani ya paa ndio upate chumba, soma hii kwanza (yaliyonipata Donholm)

BabaTatu:

Habari zenu wadau. Hii ni ndefu lakini naomba uisome hadi mwisho, hasa kama uko na nyumba yako na umeanza kuangalia pale juu ya siling ukijiambia hiyo ni nafasi inakaa bure. Mimi mwaka jana nilijiambia hivyo hivyo.

Niko Donholm hapa Nairobi, nyumba ya chini tu, vyumba viwili vya kulala na gareji moja pembeni. Watoto ni watatu, kijana wangu wakati huo alikuwa ameingia fomu two na bado analala na dada zake wawili chumba kimoja, na hapo mnajua haiwezekani iendelee. Kuhama hatuna uwezo. Kujenga juu pia ni pesa ya kutisha. Sasa siku moja fundi alikuja kuziba penye kunavuja, akashuka akaniambia mzee, huko juu kuna chumba kizima, tunatoa tu hizi mbao za katikati zinazojazana, tunaweka plaiwudi chini, tunaweka ngazi, kijana analala. Akasema 90,000 na wiki moja. Nilikubali siku hiyo hiyo.

Jumamosi akakata mbao za katikati kwa trasi nne. Trasi ni ile pembetatu ya mbao inayobeba paa, wengine huita kenchi. Kwa mbili kati ya hizo nne akakata pia ile mbao ya chini inayolala kutoka ukuta hadi ukuta, ndio ngazi ipite. Jumapili usiku mvua ikanyesha ile ya Aprili. Jumatatu asubuhi mama watoto akaniita sebuleni, siling imeshuka katikati kama kitambaa, konisi (ile mbao ya urembo pembeni mwa siling) imeachana na ukuta unaweza kupitisha kidole, na nikitoka nje nikasimama kwa geti naona mgongo wa paa umeingia ndani. Kwa kona ya nyuma ukuta ulikuwa na ufa mpya chini kidogo ya paa, umelala, na jiwe la juu limesukumwa nje. Watoto walikuwa wamelala chini ya hiyo kitu usiku mzima. Hiyo ndio sababu naandika.

Nikatafuta injinia aliyesajiliwa. Alipofika kitu ya kwanza hakuuliza ramani wala pesa, alisema watoto watoke chumba kile na mletewe propu za chuma, zile hushikilia slab ikimwagwa. Zilisimamishwa siku hiyo hiyo, sita. Halafu ndio akakaa chini akanieleza, na alinieleza vizuri sana hata mimi mtu wa spea za magari nikaelewa.

Akachukua daftari ya mtoto akaifungua akaisimamisha mezani kama hema. Akaniambia bonyeza juu. Nikabonyeza, miguu ikateleza nje pande zote mbili. Akasema sasa ukifunga uzi kutoka mguu huu hadi ule haiwezi kuteleza, na huo uzi ndio mbao yako ya chini. Watu hufikiria imewekwa ishike siling, kumbe kazi yake kubwa ni kuvuta kuta zisisukumwe nje. Ukiikata paa linaanza kusukuma ukuta, na ndio maana ufa wangu ulikuwa juu kwa kona.

Na zile za katikati, zenye zinafanya kama herufi W, kazi yake ni mbili. Kwanza zinaishikilia mbao ya mteremko isipinde, kwa sababu yangu ni 4x2 tu (inchi nne kwa mbili) na ina urefu wa zaidi ya mita nne, bila kushikwa katikati haiwezi kubeba mabati na mvua na fundi juu yake. Pili zinaining'iniza ile mbao ya chini. Upana wa nyumba yangu ni mita 8, hakuna mbao ya mita 8 kwa yadi, kwa hivyo imeungwa, na W inaigawanya vipande vifupi. Ukitoa W umeiacha mbao ya inchi nne iruke mita nane peke yake na kiungo katikati. Lazima ishuke.

Halafu akanionyesha hesabu ya uzito na hapo ndio niliishiwa maneno. Siling ya kawaida yenye hakuna mtu wa kutembea juu hupigiwa karibu kilo 25 kwa kila mita mraba. Sakafu ya chumba cha kulala hupigiwa kilo 150. Chumba nilichotaka ni mita 3 kwa 4, yaani mita mraba 12, kwa hivyo mbao zilitengenezwa zibebe kilo 300 hapo na mimi nilitaka zibebe 1,800. Hata kama fundi hangekata kitu chochote bado ilikuwa makosa.

Kurudisha ilikula 140,000. Walinyanyua pole pole na jeki, wakaweka mbao mpya pande zote mbili za kila penye palikatwa, wakafunga na bolti za milimita 12 na plaiwudi nene kwa viungo, misumari peke yake alikataa. Ukuta wa kona ukafunguliwa ukajengwa upya.

Kijana sasa analala gareji, na ni chumba kizuri kuliko kile tungepata juu. Nitaeleza venye tulifanya ile gareji, lakini kwanza niulizeni maswali.

mama_umoja:

Pole sana baba, na shukuru Mungu hakuna mtu aliumia. Sisi huku nyumba nyingi zimeongezwa vyumba mbele na juu hadi huwezi kujua ya kwanza ilikuwa gani. Swali langu, kabla ya mtu kuita fundi, atajuaje kama pale juu kuna chumba ama hakuna? Maana ukiingiza kichwa kwa ile tundu ya siling unaona ni kubwa.

BabaTatu:

Dada swali zuri sana na ndio ningeuliza mwanzo. Inategemea mteremko. Chukua nusu ya upana wa nyumba uzidishe na tan ya digrii za mteremko, ile ya kikokotoo. Yangu nusu ni mita 4, mteremko ni digrii 25, pale juu kabisa katikati ni mita 1.87. Hapo bado hujaweka sakafu na siling mpya, zikishaingia unabaki na kama mita 1.55, na hapo ni mstari wa katikati tu, ukisonga kando unainama. Mimi niko na mita 1.75. Kijana wangu anakaribia kunipita. Chumba cha kutembea ukiwa umeinama si chumba.

Nyumba nyingi za mabati hapa Nairobi ni digrii 15 hadi 25. Kwa digrii 15 na upana kama wangu unapata mita moja na kitu kidogo. Ikiwa 40 unapata mita 3.36, hapo ndio mazungumzo yanaanza. Na hata hiyo 40, ukitoa unene wa sakafu na siling, sehemu yenye mtu anasimama wima kichwa mita 2 ni upana wa mita mbili na nusu hivi, kando yote inabaki ya masanduku na vitanda.

kijana_wa_rongai:

Lakini si paa hubeba tanki? Jirani yangu ako na tanki ya lita 1,000 ndani ya paa juu ya siling miaka saba na hakuna kitu imefanyika. Kama linabeba tani moja ya maji litashindwaje na mtoto na kitanda.

Mhandisi_K:

Ndugu wa Rongai, naomba umwambie huyo jirani aangalie tanki imekalia nini. Mara nyingi imewekwa juu kabisa ya ukuta wa ndani wa bafu ama korido, mawe yanaenda chini hadi msingi, na hapo uzito haupiti kwa trasi. Kama kweli imekalia mbao za chini za trasi katikati ya chumba, basi hizo mbao zinapinda kila mwaka kidogo kidogo. Mbao ikibeba mzigo muda mrefu inaendelea kushuka hata kama mzigo haujaongezeka. Miaka saba si ushahidi wa usalama, ni muda tu. Maji ya mgao yanafanya kila mtu Nairobi ahitaji tanki, naelewa, lakini ijengewe stendi ya chuma nje ama ikae juu ya slab.

Na kwa BabaTatu, umeeleza vizuri. Niongeze kitu kimoja kwa wale wenye paa la mteremko mkali na wanataka kufanya kweli. Inawezekana, ila sakafu mpya isikalie trasi. Unaweka mbao nyingine mpya katikati ya trasi, zinakaa juu ya kuta zenye zinabeba na juu ya ringi bimu (mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta), zimeinuka kidogo zisiguse siling hata zikipinda. Kwa saiprasi yetu, 8x2 kila sentimita 40, mimi sipitishi mita 3.5 bila ukuta ama chuma katikati. Halafu paa lenyewe linapewa kitu kingine cha kulishikilia kabla hujagusa W, kwa kawaida boriti ya chuma ama ya mbao nzito kila upande inayopita chini ya mbao za mteremko na kukalia kuta za mwisho. Vikishaingia vyote na vimefungwa, ndio unakata, trasi moja moja, na unaangalia. Fundi aliyekuja kwako alianza na hatua ya mwisho.

Pia msingi. Nyumba ya chini ilipimiwa nyumba ya chini. Huko Donholm, Embakasi, South C na hadi Syokimau udongo ni ule mweusi wa kunata, blakikotoni. Ukiongeza uzito juu bila kuangalia chini unaweza kuwa umetibu paa ukaua ukuta.

fundi_nyundo:

Mimi ni fundi wa mbao miaka 19 na nimesoma hii nikaumia roho, kwa sababu ni kweli kuna watu wanashika msumeno bila kuelewa paa. Lakini pia wenye nyumba mnatusukuma. Mteja anakwambia fulani amesema 90 wewe unasema 300 mbona, na anaenda kwa wa 90. Mimi nikiitwa kazi kama hiyo kwanza napanda na tochi na futi, naangalia kama trasi ni za misumari ama ni zile za kiwanda zenye sahani za chuma zimegandamizwa kwa viungo. Zile za kiwanda ni mbao nyembamba zaidi na kila kipande kimehesabiwa, hapo sigusi hata moja bila karatasi ya injinia. Na zile za chuma chepesi zenye zimekuja sana siku hizi pia ni hivyo hivyo, ukikata kimoja umeharibu yote.

Ukitaka stoo ya masanduku tu, sema hivyo. Nitakuwekea mbao za kutembelea karibu na ukuta wa katikati, nguo za zamani na mti wa Krismasi vikae hapo. Vitabu hapana. Katoni ya vitabu ni nzito kuliko watu wanavyofikiria.

BabaTatu:

Asante sana fundi, na umesema ukweli kuhusu bei, mimi ndio nilichagua 90. Nimeipokea.

Sasa gareji. Ni mita 3 kwa 5.5, ukuta wa mawe, paa lake ni la mteremko upande mmoja, na mbele kulikuwa na mlango wa chuma wa mita 2.4. Nilifikiria ni kuziba mlango na kupaka rangi. Injinia akanionyesha mambo yenye singeyaona.

La kwanza ni sakafu. Gareji hujengwa chini kuliko nyumba, yangu ilikuwa sentimita 15 chini, na inateremka kuelekea mlangoni ndio maji ya kuosha gari yatoke. Tena chini ya saruji hakukuwa na nailoni ya kuzuia unyevu kwa sababu gari haliugui kifua. Mkeka ukilalia hapo wiki mbili unauinua umeota ukungu. Kwa hivyo tulikwangua mafuta yote ya injini kwanza, hiyo ilichukua siku mbili na sabuni na brashi ya waya kwa sababu saruji mpya haishiki kwa mafuta, halafu nailoni ile nzito ya geji 1000 ikapanda hadi kwa ukuta pande zote ikaungana na ile ya ukutani, halafu waya ya BRC (wavu wa chuma) na zege hadi ikafika sawa na nyumba. Hesabu urefu kabla hujafanya hii, mimi nilibaki na mita 2.5 chini ya siling kwa sababu gareji ilikuwa ndefu kwenda juu. Kama yako ni mita 2.3 ukiinua sakafu utakuwa umetengeneza shimo.

La pili ndio lilikuwa gumu kuliko yote, nalo ni ukuta wa kuziba mlango. Watu wengi hupanga mawe juu ya ile saruji ya mlangoni. Ile saruji haina msingi chini. Na kwa udongo wetu huu mweusi, mvua ikinyesha Machi hadi Mei unafura, Januari na Februari unakauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, kwa hivyo ukuta uliokalia juu juu unapanda na kushuka na ile nyumba nyingine imesimama. Ndio unaona Eastlands yote ile michoro ya nyufa kwa duka za mbele ya nyumba. Tulichimba hadi tukapita weusi, kwangu ilikuwa mita 1.2, tukaweka zege na vyuma, tukajenga msingi kutoka huko. Na penye ukuta mpya unakutana na wa zamani hatukuingiza meno ya mawe ndani ya meno, tuliweka vipande vya hupaiyoni (mkanda mwembamba wa chuma) kila kozi ya pili ya mawe na nafasi ndogo ya kujazwa na kitu laini, ili kila ukuta ukisonga usivunje mwenzake. Imepita mvua ndefu na mvua fupi na hakuna hata ufa wa nywele.

Dirisha. Kipimo alinipa ni angalau moja ya kumi ya sakafu. Sakafu ni mita mraba 16.5 kwa hivyo inatakiwa 1.65, tuliweka la mita 1.5 kwa 1.2 ikatoka 1.8, na linafunguka kweli, grili yake ina kufuli la ndani ndio mtoto atoke moto ukitokea. Hii ya grili naomba mzazi yeyote asiipuuze. Gareji zetu ndio tunaweka mtungi wa gesi na mtungi wa petroli wa jenereta, hivyo vyote vilihama nje kabla kijana hajaingia.

Stima ilipata laini yake kutoka kwa boksi kuu, hatukuvuta kwa soketi ya sebuleni.

mama_umoja:

Na kaunti? Mimi nataka kufanya gareji iwe saluni.

Mhandisi_K:

Dada hapo kuna vitu viwili tofauti. Kubadilisha jengo kunahitaji michoro iidhinishwe na kaunti, hata kama ni gareji, na mchoro utoke kwa msanifu aliyesajiliwa na BORAQS (bodi ya wasanifu) na wa nguvu ya jengo utoke kwa injinia wa EBK (bodi ya mainjinia), halafu kazi isajiliwe NCA (mamlaka ya ujenzi). Saluni ni zaidi ya hapo, kwa sababu unatoa matumizi ya makazi unaingiza biashara, hiyo ni kubadilisha matumizi chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 na ina maombi yake. Soma pia hati yako ya lizi, mitaa mingi ya Eastlands ina masharti ndani, na chama cha wakaazi kinaweza kukataa kabla ya kaunti. Anza na karatasi, ujenzi hautakimbia.

kijana_wa_rongai:

Mimi sijajenga bado, niko na ploti. Nikitaka chumba cha juu ndani ya paa toka mwanzo? Na joto la mabati je, maana mchana ukiingia pale juu unachemka.

Mhandisi_K:

Ukipanga toka mwanzo ni rahisi na bei nafuu kuliko kuja kubomoa. Mteremko digrii 40 hadi 45, trasi za aina yenye katikati ni wazi na mbao ya chini ni nene ya kuwa sakafu, ama piga slab kabisa. Ngazi iwe kwenye mchoro, watu husahau inakula nafasi chini na nafasi ya kichwa juu.

Joto sisi tuko karibu na ikweta, jua linapita juu ya kichwa, kwa hivyo paa ndio hupigwa mwaka mzima kuliko kuta. Weka foili chini ya mabati ukiacha nafasi ya hewa ya sentimita 5, halafu sufi ya glasi ya sentimita 10, na uache hewa iingie chini kwa kingo za paa na itoke juu. Bila huo upepo mtalala kwa oveni Februari, na Julai asubuhi mabati yatatoa jasho lidondokee godoro.

jirani_mpya:

Samahani naingia mwisho. Nimesoma jana usiku nikapanda na tochi, tulinunua hii nyumba miezi minne iliyopita na mwenye zamani aliweka plaiwudi juu akasema ni stoo. Nimehesabu trasi tatu hazina mbao za katikati, zimekatwa safi na msumeno. Siling ya chumba cha watoto ina mstari mwembamba katikati, tulidhani ni rangi.

BabaTatu:

Ndugu, usipande tena na usitoe kitu kilichoko juu kwa haraka. Watoto walale sebuleni leo. Huo mstari uweke alama ya penseli kwa ncha zote mbili na uandike tarehe ya leo, ndio mjue kama unaendelea. Propu unaweza kukodi kwa yadi yoyote ya vifaa vya mjengo, wanakodisha kwa siku. Lakini usikaze kunyanyua, ziguse tu na ubao mrefu juu yake, kunyanyua amwachie injinia. Uko sehemu gani? Kama ni huku kwetu nitumie ujumbe, nije na propu zangu mbili jioni hii, ziko kwa stoo ya nyuma.

jirani_mpya:

Niko Komarock. Asante sana. Nimekutumia.

Mhandisi_K:

Na mimi nitumie. Kesho asubuhi napitia huko, nitaangalia.